Mbuzi wa Fainali

Kama kuna mtu aliyeshika mila pale Roret kwa mikono yote miwili, na palipobaki akashika kwa meno, ni Gesare. Wenzake walihama kutoka Kisii kuja kwenye chai na masufuria na magodoro. Yeye, husema majirani, alitanguliza mila, masufuria yakafuata baadaye.

Na katika mila zote, aliyoilinda kama mboni ya jicho ni heshima ya mama na mkwe wake. Mkwe hampi mama wa mkewe mkono. Hamtazami usoni. Hakai naye benchi moja, wala hawasemezani ana kwa ana. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa katikati, hata kama neno lenyewe ni kwamba nyumba inaungua.

Muulize Okemwa. Mwaka jana kwenye mazishi, bwana huyo, macho yamejaa machozi, alisahau na kumpa mama mkwe wake mkono wa pole. Kwa bahati mbaya, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ni Gesare. Angeweza kuangalia pembeni. Hakuangalia.

"Mwacha mila ni mtumwa," alisema, na udongo wa kaburi haujakauka, Okemwa alikuwa amekwisha kuleta mbuzi wa kulipia kosa. Mbuzi akachinjwa, watu wa pande zote mbili wakala, aibu ikaisha. Okemwa naye alikula, lakini kila alipotafuna mfupa alikuwa akimtazama Gesare. Tangu siku hiyo alikuwa akimngoja tu ateleze.

Gesare mwenyewe alikuwa na mkwe, Owiti, aliyemuoa binti yake Valary. Alikuwa Mjaluo, karani wa kupima majani ya chai kule Kiptere, na miaka ilikuwa imepita tangu harusi, lakini ungemwambia Gesare aeleze pua ya mkwewe ikoje, angeshindwa. Alichojua ni viatu. Kila Owiti alipokuja kusalimia, Gesare aliinamisha macho, na huko chini alikuta viatu vya ngozi ya kahawia, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mwekundu pale kwenye kidole. Alijua pia sauti yake, kwa maana karani anayetangaza kilo huku lori linanguruma hawezi kuwa na sauti ya kunong'ona. Uso alimwachia Valary.

Sasa, mtu mshika mila hivi utadhani hana siri. Anayo. Gesare alikuwa mgonjwa wa mpira.

Ugonjwa huo aliambukizwa na marehemu mumewe, Ratemo. Walipokuwa wakichuma chai pamoja, Ratemo alining'iniza redio kwenye kapu, na mtangazaji akawapeleka Ulaya bila kutoka kwenye mistari ya chai. Timu yao iliitwa Mafahali. Mechi ikiwa ngumu, hasa ikifika penalti, Gesare alifumba macho na kusimama katikati ya michai mpaka Ratemo amwambie imeingia au imetoka. Na Ratemo alikuwa amemweleza tangu mwanzo kwamba Mafahali huvaa kijani kibichi, kama jani changa la chai. Mtangazaji alipowahi kusema kwamba leo Mafahali wako na jezi nyekundu, Ratemo alisema, "Zile za kijani hazijakauka." Kwa mtu anayeanika nguo Roret, hilo halikuhitaji maelezo zaidi.

Walikuwa wameahidiana kwamba siku moja wataona fainali kwa macho, mwanzo hadi mwisho. Kisha Ratemo akaugua, akalazwa Kericho, na hakurudi kuchuma tena.

Kwa hiyo lile gari la matangazo lilipopita barabarani na vipaza sauti vyake, likisema kampuni moja ya soda inaleta tamasha la mashabiki uwanja wa Roret, skrini kubwa, kuingia bure, fainali ya Ulaya Jumamosi, Mafahali na Tai, Gesare alisimamisha mkono juu ya mchai. Fainali yao ilikuwa imekuja mpaka mlangoni. Alijiambia kwamba ataiona, na ataiona mpaka mwisho, kwa niaba ya wawili, liwe liwalo.

Jumamosi hiyo alivaa sweta ya kijani, akafunga kitambaa cha kijani, akamalizia na gumbuti za kijani. Alionekana kama mchai ulioamua kutembea.

Neno bure likitajwa katika nchi hii, hata aliyelazwa huuliza viatu vyake viko wapi. Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na hema la soda, vijana wa kuzungusha mpira kichwani, na mdoli mrefu wa plastiki uliojazwa upepo na kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Katikati ya uwanja ilipita kamba. Msichana wa langoni alimtazama Gesare kutoka kitambaa hadi gumbuti.

"Mama umetokelezea," alisema. "Kijani ni upande wa kushoto. Shika bendera yako."

Gesare akashika bendera, akakaa mbele kabisa kati ya vijana waliovaa kijani, akajisikia yuko nyumbani. Timu zilipoingia, zile jezi za kijani zikiwaka kwenye skrini, aliinua bendera yake juu. Aliwatazama wale watoto wa watu wakipasha misuli, akasema moyoni, baba Valary, kweli wamependeza.

Shida ilianza mtangazaji alipoanza kutaja majina. Alisema Valdemar ana mpira, na Gesare alimjua Valdemar wa Mafahali kuliko anavyowajua baadhi ya wapwa zake, lakini aliyekuwa na mpira alikuwa amevaa nyekundu. Alisema Kastelo, kipa wao, yuko golini, na nyuma ya Kastelo walikuwa wakishangilia watu wekundu. Gesare akaona mtangazaji wa leo hajui kazi. Aliendelea kuona hivyo mpaka Valdemar, akiwa mwekundu kama pilipili, alipopita watu wawili na kufunga.

Mwili hauna subira ya kuuliza jezi. Gesare aliruka juu, akapiga vigelegele, akapeperusha bendera ya kijani kwa nguvu zote. Upande mzima wa kushoto ulikuwa kimya kama kanisa siku ya sadaka ya ujenzi. Vijana waligeuka wakamtazama.

"Mathe, wewe ni wa wapi kwani?" mmoja aliuliza.

"Mimi ni wa Mafahali. Tangu kabla uzaliwe."

"Mafahali ni wale wekundu. Sisi ni Tai. Umetumwa hapa kutupeleleza?"

Gesare alitazama sweta yake, akatazama skrini, akatazama sweta tena. Hakuwa na muda wa kufikiria Ratemo alikuwa na maana gani, maana msema chochote wa tamasha alikuwa tayari ameshuka na kipaza sauti chake, akitangazia Roret yote kwamba kuna mama amepotea zizi na anarudishwa kwa fahali wenzake. Walimpitisha chini ya kamba. Wekundu walimpokea kwa shangwe, wakampitisha mkono kwa mkono hadi benchi la mbele, wakamkalisha.

Aliinamisha macho kutafuta pa kuweka miguu. Pale chini, kando ya gumbuti zake, palikuwa na viatu vya kahawia. Cha kushoto kilishonwa kwa uzi mwekundu.

Huko juu, mwenye viatu naye alikuwa ametazama chini na kuziona gumbuti. Owiti alikuwa ametoka Kiptere na kuja Roret kwa sababu huko kwao hakukuwa na skrini, akijua mama mkwe ni mtu wa kanisa na Jumamosi jioni yuko nyumbani na Biblia. Kwa imani hiyo alikuwa amevua shati. Tumbo lake lote lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, kichwa cha fahali kimechorwa juu yake, na kitovu ndicho kilichokuwa jicho.

Alisimama kama aliyekalia siafu. Alinyakua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, gunia la kubebea majani ya chai, akajifunika. Lakini magunia ya majani ni ya neti, yametobolewa ili chai ipumue, na fahali akaendelea kuchungulia. Nyuma yao watu walianza kulalamika wanazibwa.

Kwenye benchi hilohilo alikuwa Moureen, jirani wa Gesare, mwanamke wa maneno mengi.

"Moureen," Owiti alisema, macho yakiwa mbinguni, "mwambie Mama naomba radhi. Mimi natoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa mila. Mdogo humpisha mkubwa. Gesare alijua anapaswa kunyamaza amwache aende, lakini njia ya kutoka ilikuwa ukuta wa watu, na kijana wa watu alikuwa ametoka mbali. Tena Ratemo alikuwa akimpenda huyu. Ndiye aliyekuwa akikaa naye hospitalini.

"Mwambie Baba Celine akae," alisema, akimwita mkwe kwa jina la mjukuu. "Lakini wewe Moureen, kaa hapa katikati. Na umpe leso yako ajifunge."

Hivyo ndivyo Owiti alivyoitazama fainali ya Ulaya akiwa amejifunga leso ya maua kifuani, na Moureen akageuka ukuta. Ukuta huo ulifanyishwa kazi sana.

"Mwambie Baba Celine hiyo haikuwa ofsaidi," Gesare alisema.

"Mama anasema hiyo haikuwa ofsaidi."

"Mwambie Mama ni kweli. Huyo refa ako na shida."

"Anasema refa ako na shida."

"Nimesikia, Moureen. Mimi si kiziwi."

"Sasa mbona napitisha?"

"Pitisha. Ni mila."

Moureen akapitisha. Kipindi cha pili kilipoendelea, akachoka, akaanza kufupisha. Gesare alisema refa huyo angevaa miwani maana hata kona haioni, na Moureen akageuka upande wa pili akasema, "Mama anasema refa ni ng'ombe."

"Sijasema ng'ombe."

"Lakini si ndio ulikuwa unamaanisha?"

Na akiwa amegeuka hivyo kusuluhisha habari ya ng'ombe, Tai wakasawazisha. Moureen hakuliona bao. Alisikia tu kelele upande wa kijani, na tangu hapo akawapitishia maneno yao kwa uchungu, kama mtu anayehudumia watu wasiolipa.

Muda ukaisha sare. Muda wa nyongeza ukaisha sare. Penalti. Gesare aliukunja ukingo wa sweta mikononi. Wapigaji wawili wa kila upande walifunga, na wa tatu alikuwa anaweka mpira chini, ndipo mvua ya mawe iliyokuwa ikinguruma juu ya vilima jioni nzima ilipoamua kuja kuona mpira nayo. Mawe yalishuka kama maharagwe yaliyomwagwa kutoka kwenye debe. Mdoli wa plastiki ukaanguka kifudifudi. Jenereta likakohoa likazima, na skrini ikawa nyeusi.

Watu walikimbilia banda la kununulia majani lililo kando ya uwanja, wekundu kwa kijani, kamba hakuna tena. Moureen alionekana mara ya mwisho akielekea hema la soda. Gesare alisukumwa mpaka ndani kabisa ya banda, karibu na mizani, na alipojaribu kurudi nyuma akakuta mgongo wa mtu. Aligeuza shingo, akaangalia chini. Uzi mwekundu.

Hapo Gesare, ambaye ndiye mahakama ya mila pale Roret, alilazimika kukata shauri papo hapo. Mila ilikataza uso. Mila ilikataza mkono. Kuhusu mgongo haikuwa imesema kitu. Akabaki alipo, mgongo kwa mgongo, na moyo ukimuuma vibaya. Alikuwa amesema mpaka mwisho. Alikuwa amefika mlangoni mwa mwisho, na mlango umefungwa. Alitoa kabambe yake, kasimu kadogo ka vitufe, afungue redio, lakini chini ya mabati yanayopigwa na mawe, redio ilikuwa mbu tu.

Ndipo mgongo ukasema, "Mimi niko na simu. Inashika, kidogo kidogo."

Haikujulikana mgongo ulikuwa unamwambia nani. Kisha Owiti akainua simu juu, akavuta pumzi, na ile sauti ya kutangaza kilo ikalipita lori la mbinguni na kujaza banda. "Mafahali, wa tatu. Anaenda. Imeingia. Tai, wa tatu. Amemwangalia kipa. Imeingia." Banda zima likamsikiliza, hata wale wa kijani.

Gesare alikuwa amefumba macho bila kujijua. Hiyo sauti mgongoni, chai imewazunguka, mtu akimwambia imeingia. Machozi yalimjia akayaacha yatoke, maana mvua ilikuwa imemlowesha tayari na nani angejua.

"Nani anapiga?" aliuliza. Aliuliza moja kwa moja. Hapakuwa na Moureen.

Mgongo ulijibu, "Valdemar, Mama. Wa nne." Kisha, "Amefunga."

"Na kwa nini wamevaa nyekundu?"

Mpigaji wa Tai alifunga, Owiti akalitangaza bao hilo, halafu akashusha sauti kadiri alivyoweza, yaani waliosikia walikuwa kama kumi tu.

"Wamevaa nyekundu siku zote, Mama. Mzee aliniambia tukiwa hospitali. Alisema mwaka ule wa kwanza ulitaka azime redio, ukasema hujali watu usiowajua. Ndio akakuambia wanavaa kama chai. Alisema ukauliza kama na wao wanachuma."

Gesare alikumbuka. Alikuwa ameuliza kweli. Na Ratemo alikuwa amejibu, bila hata kutabasamu, kwamba baadhi yao wanachuma.

"Alinikataza nisikuambie," Owiti alisema. "Alisema umependeza sana ukiwa upande wa kijani."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Ratemo, Mungu amrehemu, alikuwa ameitembea mpaka kaburini bila kukamatwa. Gesare alianza kucheka. Alicheka mpaka mgongo wa Owiti ukatikisika, na Owiti, aliyedhani mama mkwe analia, akawa anaomba radhi huku akitangaza penalti ya tano ya Mafahali, ambayo pia iliingia.

Ikabaki moja. Mpigaji wa Tai akikosa, imekwisha.

"Anaenda," Owiti alisema. "Anaweka mpira. Anarudi nyuma." Kisha akanyamaza.

"Ehe?"

"Inazunguka, Mama."

"Nani anazunguka?"

"Simu. Mtandao."

Hapo ndipo Gesare aliposahau kila kitu. Aligeuka. Alishika bega la mkwe wake, bega lenye leso ya Moureen, akachungulia juu yake kwenye kioo kidogo ambapo duara lilikuwa likizunguka, likizunguka, na mpigaji ameganda mguu nyuma. Waliokuwa karibu walisogeza vichwa. Duara likakatika.

"Kastelo amepangua," Owiti akasema, kwa sauti ndogo kabisa aliyowahi kutoa.

Gesare alimkumbatia. Si kumpa mkono, wala si kumgusa bega. Alimzungushia mikono yote miwili, leso na fahali na rangi yote, akamnyanyua kutoka ardhini, na alipomrudisha chini alimtazama usoni. Alikuwa na pua ndogo, ya kawaida tu, ambayo Celine alikuwa ameirithi.

Nyuma yake mtu alikohoa kwa upole. Gesare hakuhitaji kugeuka kujua ni nani. Okemwa alikuwa amesimama juu ya mizani ili aone vizuri, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye timu yake imeshinda makombe mawili kwa siku moja.

"Mama Valary," alisema. "Sitaki kusema mengi. Nasema tu, meee."

Banda likaangua kicheko. Owiti alikuwa amegeuka kuangalia ukuta, jasho na rangi vikimtiririka. "Mbuzi nitaleta mimi, Mama," alisema. "Kosa ni langu. Ningeondoka mapema."

Gesare alitazama sweta yake ya kijani. Kifuani, kichwa cha fahali kilikuwa kimejichapa chote, pembe na jicho, chekundu kabisa. Alijinyoosha, akarekebisha kitambaa, na alipozungumza ilikuwa ile sauti aliyoitumia kwenye mazishi yale.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Mikono ilikuwa yangu, mbuzi ni wangu. Achinjwe kwangu, Jumamosi ijayo. Okemwa, wewe ndiye utakula wa kwanza, na ule bila kuniangalia hivyo."

Kisha akageukia ule mgongo wenye leso.

"Na wewe Baba Celine, siku hiyo usisahau simu. Nataka kuona hiyo penalti ya mwisho." Akainamisha macho. "Nilikuwa nimefumba macho."